Ami yetu alifia Lukaya na kaburi lake hatulijui: tumuombee vipi?

SWALI: Asalaam aleikum Maalim. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Wete, Pemba. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa askari wa JWTZ, akauawa Lukaya, Uganda, Machi 1979, katika vita vya Kagera. Maiti yake hatukuiona na kaburi lake hatulijui. Bibi yetu alikuwa akimsomea hitima, kisomo cha Qurani kwa maiti, kila mwaka, mwezi wa Mfungo Saba, mpaka naye akafariki mwaka jana. Sasa Mfungo Saba unakuja na nyumba imegawika. Kaka yangu mdogo anasema hitima ni bidaa, uzushi katika dini, haitosomwa tena. Wengine wanasema ami ni shahidi, aliyeuawa katika njia ya Mungu, hahitaji dua ya mtu. Na skuli wamemchagua mwanangu aende na wenzake kwenye Siku ya Mashujaa, kaka anasema kusimama kimya mbele ya mnara ni ushirikina. Tufuate lipi? Yupo na ami mwengine aliyekwenda vita hivyohivyo akarudi, lakini yeye hata hitimani haji.

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Kwanza poleni kwa bibi. Mama aliyemsomea mwanawe zaidi ya miaka 40 bila ya kujua amelala wapi, huyo naye mumtie katika kila dua mtakayoisoma.

Bibi yenu alikuwa na hesabu nzuri. Mapigano ya Lukaya yalikuwa tarehe 10 na 11 Machi 1979, na siku zile mwezi ulikuwa Rabiul-akhir wa mwaka 1399 wa Hijra, yaani Mfungo Saba hasa. Hakufuata kalenda ya ukutani, alifuata mwezi. Nadhani alijua pia kuwa baada ya pirikapirika za maulidi ya Mfungo Sita watu hupumua kidogo, na hitima huwapata wasomaji.

Tuanze na kaka yako, maana nahisi ndiye aliyekufanya uandike. Msimgombeze. Analo la haki katika anayoyasema, ila amelipanua kupita kiasi. Wanazuoni hawakukhitalifiana kuwa dua ya aliye hai humfaa aliyekufa. Aya ya kumi ya Suratul-Hashri inatufundisha kuwaombea msamaha ndugu zetu waliotutangulia kwa imani. Sadaka nayo hivyohivyo: sahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, je, nikimtolea sadaka itamfaa? Akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake nzima. Penye khitilafu ni thawabu za kisomo. Imamu Shafi, ambaye sisi wengi wa visiwani tunafuata madhehebu yake, imemashuhurika kwake kuwa thawabu za kisomo hazimfikii maiti. Waliokuja baada yake ndani ya madhehebu hayohayo wakasema: mkisha kusoma, ombeni, mseme Ewe Mola mfikishie fulani mfano wa thawabu za tulichokisoma, na hapo mmeingia katika dua, ambayo haina mgogoro. Ndiyo maana hitima zetu hazimaliziki kwa kufunga juzuu. Humalizikia kwenye dua, na watu wote huitikia amin.

Kwa hiyo kaka yako akisema "msiifanye kama faradhi", amesema kweli. Akisema "msikope mkapika pilau ya watu mia", amesema kweli zaidi. Jarir bin Abdillahi, sahaba, alisema kuwa wao walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa watu wa maiti na kupikiwa chakula watu ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Na mimi niliyelelewa kwenye hitima nitakwambia kitu: nilipokuwa mtoto chuoni tulikuwa tukipelekwa kundi zima, kila mmoja na juzuu yake, na macho yetu yalikuwa kwenye sinia la halua. Juzuu ya thelathini iligombewa kwa sababu ni nyepesi kwa mtoto wa chuo. Sidhani kama marehemu walipata mengi kwangu siku zile.

Lakini akisema "msimuombee tena ami", hapo amekosea, na mwambieni kwa upole. Someni Yasini wenyewe ndani ya nyumba, watu watano, kahawa na tende ikipatikana. Kaka awe ndiye anayeomba dua. Simwoni akikataa kumuombea ami yake.

Sasa hili la kaburi. Wapemba hamhitaji kufundishwa na mtu wa Unguja maana ya kumkosa maiti. Tangu ilipozama MV Spice Islander usiku wa Septemba 2011, zipo nyumba ngapi kwenu ambazo zina jina bila ya kaburi? Mliwaombea wale hivyohivyo walivyo, baharini. Ami yenu ni kama hao. Vita vya Mu'ta, mwaka wa nane wa Hijra, vilipiganwa mbali na Madina, huko Sham. Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha waliuawa mmoja baada ya mmoja, na Mtume akawatangaza kwa majina yao akiwa Madina, macho yake yakitiririka machozi. Hakuwaleta nyumbani. Walizikwa kulekule, na makaburi yao yako Jordan ya leo. Kuhusu watu wa nyumba ya Jaafar akasema: wapikieni chakula, maana limewafika la kuwashughulisha. Angalia mwelekeo wa sufuria hapo: chakula kilitoka kwa jirani kikaenda kwa wafiwa. Siku hizi mjane ndiye anayehangaikia mchele wa kutulisha sisi.

Kama moyo wako unataka mahali, yapo makaburi ya mashujaa Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, walikozikwa wanajeshi wetu wa vita vile. Huenda yumo. Ulizieni kwa utaratibu, kwa barua ya familia kupitia kambi ya jeshi iliyo karibu nanyi, mkitaja jina lake kamili la watu watatu, mwaka alioingia jeshini, na namba yake ya jeshi kama imo katika makaratasi ya bibi. Msivunje sanduku la bibi kwa pupa. Karatasi za wakati ule zimeshakuwa laini kama mkate wa kumimina. Mkimkuta, alhamdulillahi. Msipomkuta, dua haibebwi na basi mpaka Muleba.

Jambo moja la fiqhi, yaani sharia ya ibada, ambalo huenda hamkuambiwa. Je, mwaka 1979 alisaliwa sala ya maiti? Katika madhehebu yetu inajuzu kumsalia maiti aliye mbali, kwa sababu Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa Madina, akapiga takbira nne. Mahanafi na Maliki hawaoni hivyo, lakini sisi tunaona. Waulizeni wazee. Kama hakusaliwa, mlango haujafungwa, ila wanazuoni wetu wameweka sharti: anayesali sala hiyo awe ni mtu ambaye siku maiti alipokufa yeye alishabaleghe na sala hiyo inamuhusu. Wewe na kaka yako, kwa umri ninaoukisia, hamumo. Nyinyi mna dua. Anayeingia katika sharti hilo ni mtu mzima wa wakati ule, kwa mfano yule ami yenu mwengine. Muweke akilini, nitamrudia.

Hapo mtaniuliza: mbona shahidi hasaliwi? Hukumu ya shahidi asiyeoshwa wala kusaliwa ina masharti yake mazito, na si kila anayekufa na bunduki mkononi anaingia humo. Vita vya Kagera vilikuwa vya nchi na nchi. Majeshi ya Amin yaliivamia Kagera Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza tarehe 2 Novemba kuwa sababu, uwezo na nia ya kumpiga tunavyo, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waislamu walikuwako pande zote mbili, na pale Lukaya upande wa Amin walikuwemo hata askari wa Libya. Kwa hiyo duniani ami yenu tunamhesabu ni maiti wa Kiislamu kama wengine, anasaliwa na anaombewa. Kwa Mola wake, tunamtarajia makubwa, maana imepokewa kuwa anayeuawa akitetea nafsi yake, watu wake au mali yake ni shahidi. Tunatarajia tu, hatumpigii muhuri. Siku ya vita vya Khaybar masahaba walikuwa wakihesabu, fulani shahidi, fulani shahidi, mpaka walipomtaja mmoja Mtume akasema hapana, nimemwona motoni kwa ajili ya joho alilolichukua kabla ya ngawira kugawiwa. Joho tu, mwanangu. Neno linalotumiwa na serikali, "shujaa", mimi nalipenda kwa sababu hiyo: linasifu alichokifanya mtu mbele ya watu, na halimhukumii akhera.

Na hata tukisema ni shahidi kwelikweli, haitoki kwamba hahitaji chochote kwenu. Hapa naomba utulie, kwa sababu nyote mmelumbana juu ya kisomo na hakuna aliyetaja deni.

Hadithi iko katika Sahihi Muslim: shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Usiku wa kuamkia vita vya Uhud, sahaba Abdullah bin Amr bin Haram alimwita mwanawe Jabir akamwambia: najiona kesho nitakuwa katika watakaouawa mwanzo, nami nina deni, basi nilipie, na wausie wema dada zako. Kulipokucha akauawa. Akaacha mabinti na akaacha wadai, nao walikuwa wakali. Jabir akangoja mavuno ya tende, akamwita Mtume aje akae kwenye lundo, wakapimiwa wadai mmoja mmoja mpaka wote wakalipwa. Tazama mtoto wa mtu aliyeuawa Uhud alivyomkumbuka baba yake: alisimama na mizani shambani.

Basi ami yenu alikuwa kijana mwenye mke? Kama alikuwa na mke, mahari yake yalilipwa yote? Nauliza kwa sababu najua desturi zetu. Mahari hutajwa mbele ya watu, kikatolewa kitangulizi, kilichobaki kikaitwa "kipo". Kilichobaki ni deni, sawa na deni la dukani, na kifo hakikifuti, kifo ndicho kinachokifikisha wakati wake. Huyo mjane, alipotoka edani baada ya miezi minne na siku kumi, kuna aliyemwendea kumuuliza? Huenda ameolewa tena Chake, ana wajukuu, na hakudai kwa haya. Mtafuteni. Kama shilingi za wakati ule leo hazinunui hata kibiriti, msimlipe kibiriti. Kaeni naye mpatane kwa kitu ambacho moyo wake utaridhika, au akusameheni mwenyewe kwa ulimi wake bila ya kumbana. Kama amekufa, haki hiyo ni ya warithi wake.

Kisha wadai wengine: fundi cherehani, mwenye duka, rafiki wa kambini. Na mirathi, kama alikuwa na mikarafuu au sehemu ya kiwanja kwa babu yenu, iligaiwa? Utaratibu ni mazishi, deni, wasia usiozidi thuluthi, halafu ndiyo warithi. Kama palikuwa na mafao yaliyolipwa, yalipita mkono wa nani? Sitii fitina. Ninasema tu kuwa mara nyingi nyumba inayogombania kisomo imekalia jambo jengine. Kama hakuacha mali, hamlazimiki kulipa kutoka mifukoni mwenu. Lakini kumlipia ni fadhila kubwa, na Mtume aliwahi kusita kumsalia maiti mwenye deni mpaka sahaba Abu Qatada alipolibeba deni hilo. Ningekuwa nyinyi, fedha ya pilau ningeianzia hapo. Ikibaki, tengeni mikarafuu miwili mitatu mnayoimiliki wenyewe, muiweke wakfu kwa jina lake, mavuno yake yanunue misahafu au yaingize maji msikitini, na muuandikishe kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ili kizazi kijacho kisije kikaula.

Siku ya Mashujaa nitaipitia haraka, maana kaka yako ameifanya nzito kuliko ilivyo. Tarehe 25 Julai serikali huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shada la maua, tarumbeta hulia, watu husimama, kisha viongozi wa dini mbalimbali huomba kila mmoja kwa dini yake. Mwanao akisimama, hamwabudu mtu. Mtume alipitiwa na jeneza akasimama, akaambiwa hilo ni la Yahudi, akasema: kwani si nafsi? Mfundishe tu kuwa wakati wa kimya asome Fatiha kwa ami, kimoyomoyo. Maua mimi siyawekezei itikadi, lakini nani kati yetu hajapanda mrihani kwenye kaburi? Na serikali ya Zanzibar kila tarehe 7 Aprili humsomea hitima Mzee Karume pale Kisiwandui, kwa hiyo nchi yetu inajua kukumbuka kwa njia zote mbili. Askari Mkristo aliyepigana bega kwa bega na ami, akija nyumbani kwenu, mkaribisheni, mlisheni, msikilizeni anavyomsimulia. Kila mmoja atarudi na ibada yake.

Kitu kimoja katika kumbukumbu za kiserikali nawaonea watu gere: majina. Nenda kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Wamelala pale mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani kwenye bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Walikufa 38, na makaburi yao yanafagiliwa mpaka leo. Katika vita hivyohivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika wa pwani na bara walikufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya majeshi, wengi kwa kuhara na homa, na kilichobaki kwa wengi wao ni neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Watu wanauza nazi na mitumba juu ya jina hilo bila ya kujua. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliletewa habari za vita vya Nahawandi, akatajiwa waliouawa, mjumbe akamalizia: na wengine ambao Amiri wa Waumini, yaani wewe Umar, hawajui. Umar akalia, akasema hawadhuriki kwa Umar kutowajua, Mola wao anawajua. Ndiyo, anawajua. Lakini Umar alikuwa amekaa anasikiliza majina.

Kwa hiyo andikeni. Chukueni daftari, andikeni jina la ami, la baba yake, la babu yake, mahali alipozaliwa, Lukaya, Mfungo Saba 1399. Pembeni andikeni wa baadaye ambao mnawajua pia. Askari wetu saba waliouawa Darfur Julai 2013 na 15 waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, wakiwa walinda amani, walikuwa na mama zao kama bibi yenu. Baadhi ya wale wa Semuliki walikuwa watoto wa Zanzibar, wakaletwa wakazikwa kwao. Karatasi ya majina ikisomwa kabla ya dua, kila jina huvuta amin yake.

Sasa yule ami mwengine. Umemweka mwishoni, mstari mmoja, kana kwamba ni kasoro ya hitima. Mimi namwona ndiye mlango wa yote niliyoyataja. Yeye ndiye anayejua ndugu yake alikuwa na deni kambini au hana. Yeye huenda anaikumbuka namba ya jeshi. Yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima siku ile, anayeweza kumsalia. Na huenda haji hitimani kwa sababu watu wanaomboleza kitu walichosimuliwa, na yeye alikiona. Hilo silijui, wala wewe hulijui, na hapana haja ya kumlazimisha aseme. Mwende alasiri, peke yako, na birika la kahawa. Usimuulize habari za kuua wala za risasi. Muulize nduguye alipenda kula nini, alikuwa akiimba nini, nani alimnyoa kabla ya safari. Akinyamaza, nyamaza naye. Kama halali usiku, kama hushtuka mlango ukibamizwa baada ya miaka yote hii, msiseme ana jini mkamaliza. Apelekwe kwa daktari, yapo maradhi ya vita yanayotibika uzeeni. Na tazama kama ameandikishwa pencheni jamii, ile ya wazee, kwa sheha wa mtaa wake, kama ameshafika miaka 70. Wazee waliozoea kuamrishwa hawajui kuomba.

Mwambie pia amuombee bibi. Mama huyo alikuwa na wana wawili vitani.

Katika barua yako ndefu, ambayo nimeifupisha hapo juu na kuficha majina, ami wa Lukaya umemtaja kwa jina lake mara saba. Huyu aliyerudi hukumtaja hata mara moja. Niandikie jina lake na la baba yake kabla ya Ijumaa, nimuombee naye yu hai.